Bi Kitako: Miaka Thelathini na Minne ya Kugeuza Vyombo

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mtambuzi mkuu wa vitu vya kale katika nyumba yetu ya mnada atazima taa yake yenye shingo ndefu, atakunja kitambaa cha kijani cha mezani, na kustaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kwenye mafaili ya ofisi ana jina refu na la heshima. Hapa hatutalitumia, maana akiitwa kwa jina hilo hageuki. Sote, kuanzia Mkurugenzi hadi mlinzi wa geti, tunamwita Bi Kitako, na sababu ni moja: hajawahi kukutana na chombo asikipindue. Kikombe, sahani, kinara cha mshumaa, kiti, hata saa ya ukutani, kwanza kitako, salamu baadaye. Kitakoni ndiko mafundi wa zamani walikogonga mihuri yao. Chombo, asema Bi Kitako, hujipamba usoni na kuukalia ukweli.

Nimeombwa niandike maneno matamu. Samahani. Ukisoma wasifu wa wastaafu katika jarida hili tangu lianze, utadhani nyumba hii imekuwa ikiajiri malaika watupu, wote wapole, wote wanyenyekevu, wote wakifika kazini kabla ya jua. Bi Kitako si mnyenyekevu hata kidogo. Anajua kwamba anajua, na asiyelijua hilo ataambiwa kabla chai yake haijapoa. Ni mbishi. Sauti yake inafika ghalani bila simu. Neno “huenda” hakulileta alipoajiriwa, na hakuna aliyefaulu kumwazima. Kumsifu kwa upole asiokuwa nao kungekuwa kughushi, na tukighushi wasifu wa mwanamke huyu, ataugeuza na kutushika.

Alikulia katika karakana ya baba yake mdogo, sonara, akicheza na nyundo ndogo kama wenzake walivyocheza na mipira. Alipoajiriwa hapa, kazi yake ilikuwa kupima na kusafisha vyombo vya fedha kabla havijapanda jukwaani. Mwaka wa kwanza haukuwa umeisha alipoingia bwana mmoja wa suti ya kijivu na jagi kubwa la fedha. Chini ya jagi kulikuwa na mihuri minne iliyojipanga vizuri: wa fundi, wa usafi wa madini, wa mji na wa mwaka. Mtambuzi wa wakati huo aliisoma, akafurahi, akatangaza kwamba jagi lina umri wa zaidi ya miaka mia mbili. Bi Kitako akalichukua, akalipulizia pumzi kama mtu anayesafisha miwani. Ukungu ulipotanda, mstari mwembamba ulijitokeza ukiizunguka ile mihuri, pembe nne kamili. Ilikuwa lehemu. Mtu alikuwa amekata kipande chenye mihuri kutoka kwenye kijiko cha zamani na kukipachika kwenye kitako cha jagi la juzi.

Bwana wa suti akadai ni ufa tu. “Ufa wa pembe nne?” Bi Kitako akamuuliza mbele ya watu. “Kaka yangu, hili jagi limeazima cheti cha kuzaliwa cha kijiko.” Yule bwana aliondoka na jagi lake bila kuaga mtu. Wiki iliyofuata Bi Kitako alipewa meza, taa na kitambaa cha kijani, na hajawahi kuviachia mpaka leo.

Tusisahau pia kwamba tabia hii ilitaka kumharibia ndoa kabla haijafungwa. Siku alipopelekwa kwa wakwe kwa mara ya kwanza alikaribishwa chakula, akainua sahani aone alama, akasahau kwamba sahani ilikuwa na chakula. Mchuzi ulimwagikia mapajani mwa baba mkwe. Mama mkwe ndiye aliyeokoa jahazi: “Mwacheni. Huyu ataijua nyumba hii mpaka chini.” Mumewe, mwalimu wa hisabati, hadi leo akimwekea mkewe chakula hukiweka kwenye sahani ambayo ameshaipindua na kumsomea alama yake kwanza. Huo ndio upendo. Anayetaka mwingine akautafute kwenye kadi za dukani.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, maana wapo wanaodhani kutambua vitu vya kale ni kukodoa macho na kubahatisha kwa sauti nzito. Alikuwepo hapa dalali mmoja mwenye mbwembwe nyingi. Siku moja alinyanyua kikombe jukwaani, akasoma mwaka ulioandikwa chini yake, akautangazia ukumbi mzima kuwa ndio mwaka kilipotengenezwa. Kutoka mstari wa nyuma ikasikika sauti tunayoijua: “Huo ni mwaka kiwanda kilipofunguliwa, mwanangu! Duka la mikate la hapo nje nalo limeandika mwaka lilipoanza. Mbona hujasema mkate wa leo asubuhi una miaka hamsini?” Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Dalali alinuna, kisha akajifunza, na kosa hilo hatujalisikia tena jukwaani. Nalisikia kila siku kwenye maduka ya watu wanaojiita wajuzi.

Au ile meza ya duara. Familia moja iliileta ikiwa imeng'arishwa mpaka unajiona meno, wakiapa kwamba ni ya zama za mababu. Bi Kitako hakuangalia rangi wala miguu iliyochongwa. Alitoa utepe wa fundi cherehani, akaipima kwa urefu wa nyuzi za mbao, halafu akaipima kwa upana wake. Vipimo vilikuwa sawasawa. “Mbao hunywea,” aliwaeleza, “na hunywea kwa upana kuliko kwa urefu. Meza ya duara iliyoishi miaka mia moja haiwezi kuwa duara kamili. Hii bado ni duara, kwa hiyo bado ni mtoto.” Kisha, kwa kuwa si mkatili kama wanavyosema maadui zake, alikwaruza ukucha juu yake na kuongeza: “Haina hata mkwaruzo. Chombo kisicho na mkwaruzo hakijatumika, na kisichotumika hakijapendwa. Nendeni mkaipende.” Walikuja wameinua videvu, wakaondoka wakicheka.

Je, hajawahi kukosea? Amekosea, tena kosa ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifanya hata akijitahidi. Kililetwa kiti cha mbao chenye mikono. Bi Kitako akakipindua, akachomoa skrubu moja, akaiona imenyooka, ina ncha kali na mfereji uliokatwa katikati kabisa, kazi ya mashine isiyo na shaka. Akahukumu: kiti kipya. Seremala wetu, mtu wa maneno machache, akachungulia tundu la ile skrubu na kumwonyesha kwamba ndani yake kulikuwa na tundu la zamani zaidi lililozibwa kwa kijiti. Fundi fulani, wakati fulani, alikikarabati kiti kwa skrubu mpya. Kiti kilikuwa cha kale kweli. Bi Kitako alikuwa amekipunguzia umri kwa vizazi viwili kwa kuiamini skrubu moja.

Alinuna hadi jioni. Asubuhi yake tulimkuta ameifunga ile skrubu kwa uzi na kuitundika juu ya meza yake, mahali ambapo kila mgeni angeiona na kuuliza. Na kila aliyeuliza aliambiwa kosa zima, kwa sauti ileile ya kufika ghalani, kisha akapewa funzo: alama moja ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hafungi mtu. Tafuta muhuri, halafu uliza mtindo unasemaje, halafu uliza uchakavu unasemaje. Wakipishana, usimwamini yeyote mpaka waelewane. Nimesoma vitabu vingi vizito kuhusu namna ya kufikiri. Hakuna kilichonifaa kuliko skrubu ile.

Lakini kitu ambacho mtaa utamkumbukia ni Meza ya Ijumaa. Ni yeye aliyeianzisha, kwa kumchosha Mkurugenzi wa wakati huo mpaka akakubali ili apate kupumua. Kila Ijumaa asubuhi mlango wa pembeni hufunguliwa, na mtu yeyote, awe mteja au mpita njia, huingia na kitu chake akiwa amekikumbatia, akaambiwa bure ni nini na ni cha lini. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alileta wembe wa babu yake. Mama muuza vitambaa alileta sinia la shaba ambalo mnunuzi wa mlangoni alikuwa ameshamshawishi kuwa ni chuma chakavu. Hao wanunuzi wa mlangoni nawajua, na sitawapamba: ni watu wanaoingia kwenye nyumba zenye msiba wakitoa pole kwa mkono mmoja na kupima sinia kwa mkono wa pili. Meza ya Ijumaa iliwakosesha usingizi. Sinia lile leo lipo ukutani kwa mama muuza vitambaa, naye humwonyesha kila anayenunua hata nusu mita.

Na wale walioleta vitu visivyo na thamani nao hawakudharauliwa. Bibi mmoja alileta birika akiwa na matumaini makubwa. Bi Kitako akalipindua, akalirudisha taratibu. “Mpenzi, hili ni la mwaka juzi. Lakini chai haitajua.” Bibi yule alirudi Ijumaa nyingi baadaye, mikono mitupu, kuja kusikiliza tu.

Ndiyo maana habari zilipotufikia mwanzoni mwa mwaka kwamba bodi inakusudia kuifunga Meza ya Ijumaa siku Bi Kitako atakapostaafu, nyumba iliwaka moto. Hoja ya bodi ilikuwa kwamba siku hizi ipo programu ya simu: unapiga picha, unapata jibu. Fundi Saa, ambaye amekaa naye meza moja kwa miaka kumi na ambaye ndiye aliyetegemewa kumrithi, arudi kutengeneza saa zake. Bi Kitako aliingia kwenye kikao cha bodi bila kualikwa. Aliuliza swali moja tu, ni nani atakayeigeuzia simu chombo, halafu akatoa changamoto. Walete kitu chochote wanachokijua wao. Yeye atataja umri wake. Akikosea, meza ifungwe na hatatia neno. Akipatia, meza ibaki na Fundi Saa aikalie. Mwenyekiti wa bodi, ambaye naye si mtu wa kukimbia vita, akakubali palepale.

Ijumaa ya pili ya mwezi uliopita ukumbi ulijaa kuliko siku ya mnada wenyewe. Madereva waliacha magari. Mhasibu, mtu mzito asiyependa mchezo, alipanda juu ya kiti ili aone. Fundi Saa alisimama ukutani akifungua na kufunga saa ya mfukoni ambayo haikuwa na ubaya wowote. Mwenyekiti akafunua kitambaa: bakuli la sukari la kauri nyeupe, lenye mishiko miwili, maua ya waridi ubavuni na kifuniko juu. Kitakoni lilikuwa limebandikwa karatasi nene. Bodi ilikuwa imeficha alama.

Ukumbi ukaguna. Mtu nyuma yangu akasema, “Wamemfunga mama wa watu macho.” Bi Kitako akalipindua, akaiona karatasi, akacheka mpaka vioo vya madirisha vikasikia. “Mmelivalisha suruali!” Kisha kicheko kikakatika, na sisi tuliomzoea tukajua kazi imeanza.

Alifumba macho, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, mahali pasipo na rangi, akahisi jinsi ulivyolika upande mmoja kwa kuburutwa mezani miaka na miaka. Alitazama mishiko, akaona dhahabu imefutika mahali hasa ambapo vidole hushika. Aliliinua bakuli dirishani, mwanga ukapenya ukiwa na umanjano wa maziwa. Akainua kifuniko peke yake. Mwanga ukapenya ukiwa na ubuluu. Hapo akasita. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akatazama waridi la bakuli, petali kwa petali, kila moja imepakwa kwa brashi na hakuna iliyofanana na mwenzake. Akatazama waridi la kifuniko. Lilikuwa la vidoadoa vya kuchapa, na jani moja lilikuwa limekatwa pale karatasi ya kuchapia ilipokutana na mwisho wake.

“Mwenyekiti,” alisema, “nakupa majibu mawili, maana umeniletea vyombo viwili. Bakuli ni la zama za babu wa babu yako. Kifuniko ni rika lako.”

Mwenyekiti akatabasamu tabasamu la mtu aliyeshinda. Akabandua ile karatasi, Mkurugenzi akasoma alama, na alama ikasema bakuli ni la kale, vilevile alivyosema. Lakini Mwenyekiti akatikisa kichwa. “Bi mkubwa, nusu umepatia, nusu umekosa. Hiki chombo kimekaa kabatini kwa bibi yangu tangu sijazaliwa. Ni kimoja. Mimi mwenyewe nimekua nikikiona.” Fundi Saa akaifunga saa yake na kuitia mfukoni. Niliona mabega yake yakishuka.

Bi Kitako hakushuka popote. “Una mkubwa yeyote katika familia aliye hai?”

Yupo, Mwenyekiti akasema, shangazi yake, na ili kumaliza ubishi akampigia hapohapo, akaweka sauti ya wazi ukumbi mzima usikie. Shikamoo, marahaba, habari za huko, za siku nyingi. Kisha akamuuliza kuhusu kifuniko cha bakuli la sukari la bibi.

“Kifuniko kipi?” sauti kavu ya kizee ikauliza. “Cha kwanza au cha pili?”

Ukumbi mzima ukainamia simu.

“Si wewe uliyekivunja cha kwanza?” Shangazi akaendelea, hana habari kwamba anasikilizwa na watu wazima sitini. “Ulipanda kabatini kuiba sukari, mwizi mkubwa wewe! Mama yako akazunguka soko zima kutafuta kinachofanana, bibi yako asijue. Ukachapwa, ukaambiwa unyamaze. Naona umenyamaza mpaka umesahau.”

Siwezi kueleza kelele iliyofuata. Mhasibu alianguka kutoka kwenye kiti na kuinuka akipiga makofi. Wapagazi walimbeba Fundi Saa mabegani ingawa hakuwa amefanya kitu. Nimpe Mwenyekiti haki yake, na mimi si mtu wa kumpa haki bila sababu, alicheka kuliko wote, akifuta machozi kwa kile kitambaa alichofunikia bakuli. Alipopata pumzi alisema meza itabaki, na bakuli lile, pamoja na kifuniko chake cha kambo, litakaa juu yake kufundishia.

Sasa niwaambie wapenzi wa programu ya simu. Alama ya chini ilikuwa ya kweli, lakini iliusemea upande mmoja tu. Picha moja ingetoa jibu moja, na lingekuwa jibu la bodi. Ilihitajika mikono, mwanga wa dirisha, na mwanamke ambaye skrubu moja ilishamfundisha kutomwamini shahidi wa kwanza. Mwenye hoja nyingine aje Ijumaa, mlango wa pembeni. Atamkuta Fundi Saa, na juu ya kichwa chake ataiona skrubu ikining'inia kwenye uzi. Bi Kitako amemwachia. Alimwambia asiifute vumbi.

Zawadi tulimkabidhi mapema, wiki iliyopita wakati wa chai, kwa sababu hakuna siri inayokaa mbele ya mtu mwenye kioo cha kukuzia mfukoni. Ni bakuli, jipya kabisa, tulilomwomba mfinyanzi atufinyangie. Mkurugenzi alikuwa ameandaa hotuba. Hakufika hata sentensi ya pili, kwani mstaafu wetu alikuwa ameshalipindua. Kitakoni mfinyanzi aligonga muhuri usiowahi kuwepo duniani: kikombe kilichopinduliwa ndani ya duara, na mwaka huu chini yake.

Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne, aliacha kioo cha kukuzia mfukoni. Alipitisha kidole juu ya muhuri, mara moja, na tena. Kisha akasema, kwa sauti ambayo wa ghalani hawakuisikia, “Umegongwa umepinda.” Mfinyanzi akaanza kuomba radhi. “Usiurekebishe,” akamwambia. “Ndivyo watakavyojua ulikuwa mkono wa mtu.”

Bi Kitako, siku moja, sisi sote tukiwa hatupo, mtu atalikuta bakuli hilo katika kabati la wajukuu wa wajukuu zako, atalipindua, ataona muhuri na kuuliza ni wa nani. Tumeyaandika haya ili ajibiwe. Kwa sinia la mama muuza vitambaa, kwa jagi la bwana wa suti, kwa meza uliyotuachia ikiwa wazi, tunasema ahsante, na tunasema kwa sauti yako. Wewe nenda nyumbani kwa mwalimu wako wa hisabati, mle kwenye sahani zilizokwisha kusomwa. Na hilo bakuli usilifungie kabatini. Tia humo chakula, lisugue, liburute mezani, wajukuu waligombanie. Tunakutakia maisha marefu na mema, yenye mikwaruzo ya kutosha kuthibitisha kwamba yalitumika.